Kufuata Mfuko Wangu Mpaka Jalalani

Niliondoka nyumbani Ndosho, hapa Goma, kwa sababu ya sentensi moja. Nilikuwa naandika tangazo la kuwafundisha majirani kutenga taka. Nimeliandika upya mara kumi na moja, na kila mara nilikwama palepale: mchukua taka akishapita, taka zinakwenda wapi? Mambo haya sikuyasoma shuleni. Nimejifundisha kwa simu, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huogopa sana kukamatwa akikosea. Basi nikaenda kuona. Nawaandikia ninyi majirani, ingawa aibu ni yangu.

Saa moja asubuhi, Kasereka, anayebeba taka zetu, alikuwa anapanga mifuko juu ya chukudu lake la mbao, mfano wa baiskeli isiyo na pedali. Wangu ulikuwa juu kabisa, umefungwa mafundo matatu kwa uzi wa bluu.

"Dada, leo unasindikiza pubele yako ya uchafu?" akacheka. "Uliipenda sana!"

Kwa kweli nilijivunia mfuko ule. Mnajua tulivyo: familia sita, mlango mmoja wa kutolea taka, na kila mtu anasoma maisha ya mwenzake mifukoni, nani amekula nyama, nani amekunywa. Wangu hakuna aliyewahi kuusoma.

Kwenye barabara ya Sake nilitembea kando yake, yeye akisukuma mlimani na kupanda kwenye mteremko. Vumbi jeusi lilitujaa mpaka kwenye kope.

Karibu saa tatu tulifika jalalani, ng'ambo ya kiziwa cha Lac Vert. Msimamizi, Papa Bahati, alinipokea kwa heshima ambayo sikuistahili.

"Hapa chini ni mawe ya volkano, iko na matundu sawa sponji," alisema. "Ukitupa uchafu juu yake hivi hivi, maji yake inashuka mpaka kwa ziwa kubwa. Na ziwa ndiyo tunakunywa."

Ndiyo maana wanatandaza kwanza udongo wa mfinyanzi, wanaushindilia, kisha wanalaza juu yake shitingi nene ya plastiki. Maji meusi ya uozo yanafuata mfereji hadi kwenye bwawa lililotandikwa vilevile. Taka zinapangwa tabaka kwa tabaka, na kila jioni zinafunikwa kwa udongo ili inzi, panya na moto visipate nafasi. Mabomba yamesimama hapa na pale kutoa gesi.

"Unajua mazuku, ile hewa inaua mbuzi mu mabonde?" aliuliza. "Na uchafu ikioza inatoa hewa yake. Wewe mutu wa Goma, sitakufundisha kuiogopa."

Niliandika kila neno, nikapiga mistari kwa rula.

Kisha Kasereka akapeleka mifuko kwenye meza ya kuchambulia. Mama mmoja, Mama Neema, aliona wangu akarudi nyuma.

"Ile ya mafundo tatu, muiache! Iko na shindano za kudunga."

Baba yangu anajidunga kila siku kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Sindano zake nilikuwa nazifunga kwenye gazeti na kuzizika katikati ya taka, ili msiseme ana ule ugonjwa mwingine, wa virusi.

"Wiki tatu sasa," Mama Neema aliniambia, akinionyesha kidole. "Ilinidunga, ikapita mu ganti ya mukono. Kwa hospitali walinipa vidonge, lakini sijue shindano ni ya nani, ya ugonjwa gani. Mutoto iko na miezi ine, naogopa kumunyonyesha. Bibi yake anamupa maziwa ya kopo."

"Mwenye kufunga vile ni mutu wa usafi sana," mwenzake akadakia. "Hata uzi anachagua!"

Wakacheka. Nami nikacheka. Sindano zinaniuma, lakini kicheko changu kile kinaniuma zaidi. Kasereka alinitazama, akainamia mifuko mingine.

Saa sita tulianza kurudi. Nilifika kwenye kizuizi cha lango la jalala, nikageuka, nikarudi mezani.

"Mama, mufuko ni wangu. Shindano ni za papa yangu. Iko na sukari tu, nadhani."

Mama Neema alinikazia macho. "Unadhani. Mimi sitanyonyesha mutoto na nadhani yako."

Alasiri nilimweleza baba. Nilitegemea akasirike kwamba siri yake imetoka.

"Hii sukari niliiba kwa nani, mpaka uifiche?" aliuliza, akavaa koti.

Kwenye kituo cha afya walimpima damu. Muuguzi alitupa chombo kigumu chenye kifuniko: sindano zinaingia humo, na kikijaa kinarudishwa kwao, hakichanganywi kamwe na taka za nyumbani. Maelezo yalichukua dakika mbili. Sikuwa nimewahi kuuliza.

Kesho yake nilipanda pikipiki na majibu mkononi. Baba hakuwa na ugonjwa wowote unaoambukizwa kwa damu. Mama Neema alisoma mara mbili, akampa Papa Bahati asome tena, kisha akaniambia, "Kuya, twende kwangu."

Kwake si mbali. Alimchukua mtoto mikononi mwa bibi, akaketi, akampa ziwa. Mtoto alinyonya, akaliachia, akalia. Akajaribu tena. Akageuza uso.

"Maziwa imekauka," Mama Neema alisema.

Nimejifunza kwamba jalala zuri linaweza kuyazuia maji machafu yasifike ziwani, lakini haliwezi kumkinga anayechambua taka na kitu ambacho mimi nimeamua kukificha. Hayo nimeyawaza baadaye. Siku ile nilisimama mlangoni na karatasi yangu, mpaka bibi akaninyooshea kidole.

"Wewe dada, usisimame tu. Leta ile chupa ya maziwa."

Nikaileta.