Enelesi Aliyemsemea Fanuweli

Pale soko la Zomba, upande wa wauza vocha, Enelesi hakuitwa kwa jina lake. Waliomzoea walimwita Pakamwa, yaani mdomo, naye aliitika, maana ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya. Alikuwa mdomo wa Fanuweli.

Fanuweli alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akili yake ilikuwa nzima, tena kali, ila shingo, miguu na ulimi havikumtii. Mkono wa kushoto tu ndio uliomsikiliza, nao kwa kusitasita. Mbele ya kiti chake cha magurudumu palifungwa ubao wa plaiwudi uliobandikwa picha, maneno na herufi, ukafunikwa plastiki ngumu ili jasho na mate visiuharibu. Fanuweli aligusa kwa kifundo cha kidole, Enelesi akafuata kwa macho, akatamka. Hivyo ndivyo kijana yule alivyochaji simu za watu, akauza vocha, akawatania wateja na kugombana nao.

Enelesi alikuja mjini kutoka Mulanje baada ya mumewe kwenda Joni, mji wa migodi kule kusini. Wanaume wengi wa huko huenda Joni kutafuta maisha. Kuna wanaorudi na magodoro na redio, na kuna wanaorudishwa wakiwa ndani ya jeneza. Wa kwake hakurudi kwa namna yoyote. Mwanzo alipiga simu, baadaye akawa anatuma salamu kwa wasafiri, mwishowe hata wasafiri wenye salamu wakakatika. Mama yake Fanuweli, mjane aliyeuza vitenge, alimwajiri amwogeshe na kumlisha mwanawe, akampa chumba cha uani, kisha akawapeleka wote wawili kwenye kituo walikokuwa wakifundisha matumizi ya ubao.

Mwalimu wa pale alimwambia jambo ambalo siku ile hakulielewa vizuri.

"Sauti yako imeazimwa, mama. Usimalizie neno lake hata kama umeshalijua. Usilipambe, usilipunguze. Akitukana, tukana. Akinyamaza, ngoja."

"Nikingoja na hasemi?"

"Ngoja tena."

Akajifunza kungoja, kama mtu anavyokinga maji kwenye kisima cha kiangazi. Hata mama yule alipofariki, Enelesi alibaki. Asubuhi alimwogesha Fanuweli, akamvalisha, akamsukuma hadi sokoni, na kutwa nzima akatamka ya mwenzake. Mteja mgeni akija, alimwelekea yeye. "Huyu anachaji simu za batani pia?" Kifundo kiligusa ubao, na Enelesi, uso mkavu, akajibu, "Huyu ana masikio. Muulize huyu." Watu walicheka, mteja akaona haya, akamgeukia mwenye meza.

Lakini kazi ile ilikuwa na jambo ambalo mwalimu hakulitaja. Asubuhi moja muuza nyanya, Mai Sikelo, alipita akawasabahi. Enelesi alikuwa na homa tangu juzi yake. Akasema, "Sikulala, mwili mzima unauma."

Mai Sikelo akamwinamia Fanuweli kwa huruma. "Pole baba. Umepata dawa?"

Fanuweli akaangua kile kicheko chake cha kooni, akagusa ubao. Enelesi akatamka, "Si mimi. Ni yeye."

"Yeye nani?"

Kidole kikatembea tena juu ya herufi, na Enelesi akalitoa jibu kwa kinywa chake mwenyewe: "Enelesi." Lilimtoka kama jina la mtu aliyehama zamani.

"Oo," Mai Sikelo akasema, "pole na wewe basi," akaenda zake.

Jioni, akiwa peke yake chumbani, mtu mwingine angeongea hata na sufuria. Yeye akitaka kusema neno alijikuta anangoja kwanza, macho yakitafuta kidole cha kumwonyesha aanzie wapi. Kisha alipakua ugali wake, akala kimya.

Meza ya jirani pale sokoni ilikuwa ya Tamandani, msichana mrefu aliyeuza togwa kwa ndoo na vikombe. Alipozungumza na Fanuweli alimtazama machoni tangu neno la kwanza hadi la mwisho, wala hakumtupia Enelesi hata jicho. Ndivyo inavyotakiwa. Enelesi alilifurahia jambo hilo kwa ajili ya Fanuweli, na papo hapo likamchoma.

"Togwa yako leo ni maji matupu," Fanuweli alisema.

"Basi usinywe. Nani amekulazimisha?"

"Na kiu nitaikataje, umekaa mbele yangu kutwa nzima?"

Maneno hayo yalipita kinywani mwa Enelesi, naye akayatamka kama yalivyo, huku akitazama kando.

Mchana mmoja mvua iliwabana wote chini ya bati. Fanuweli akaanza kugusa herufi moja moja, polepole kuliko kawaida. Enelesi aliona neno linakokwenda kabla halijafika nusu ya njia, lakini hakulimalizia. Alingoja mpaka mwisho, akavuta pumzi.

"Ninakupenda. Leo sitanii. Ukiondoka jioni, mahali pako hapo panabaki kama pengo la jino."

Tamandani akaweka kikombe chini. Machozi yalimlengalenga. "Mbona umekawia hivyo, wewe mwanaume?" akamwambia Fanuweli.

Enelesi alikuwa amesimama katikati yao. Tangu mumewe apande basi la Joni, maneno kama yale hayakuwahi kupita mdomoni mwake. Leo yalipita, yakiwa ya mwingine, yakaenda kwa mwingine. Akajifanya kufuta matone ya mvua kwenye ubao.

Kuanzia hapo Tamandani akaanza kujifunza ubao. Haikuchukua muda akawa anausoma mwenyewe. "Anti," alisema kwa heshima, "nenda kanyooshe miguu kidogo. Tutaelewana." Enelesi akaenda. Hakuwa na pa kwenda. Akalizunguka soko, akanunua chumvi ilhali chumvi ilikuwepo nyumbani, akasimama kwenye kituo cha mabasi akitazama watu wakiagana, mpaka alipoona amenyoosha miguu vya kutosha.

Siku ya kuunganisha koo mbili ilifika. Kwao, maharusi hawasemi, washenga ndio husema, na koo hubadilishana kuku, jogoo kwa mtetea. Mshenga wa Fanuweli alikuwa mjomba wake Lefani, mtu wa maneno mengi. Asubuhi ile alimpigapiga mpwa wake begani.

"Leo pumzika, Fanu. Hata mimi, na domo langu hili, siku yangu nilikaa kama boga. Wajomba ndio walioniolea."

"Uboga nimeukubali," Fanuweli akajibu. "Ila nina neno moja."

Walipofika kwa kina Tamandani wakakaa mkekani, Lefani akaomba mpwa wake aruhusiwe hilo neno moja. Mshenga wa upande wa pili, mzee Chiotcha, akakohoa.

"Neno tutajuaje ni lake? Anayetamka ni huyu mama. Miaka yote hii, nani anajua kama hajitungii mwenyewe? Labda amechoka kuogesha mtu, anatafuta msichana wa kumpokea mzigo."

Uso wa Enelesi uliwaka. Jibu alikuwa nalo, tena lilimjaa mpaka kooni. Lakini watu wote walikuwa wamemgeukia Fanuweli, wakingoja. Hakuna aliyemtazamia Pakamwa awe na la kwake. Fanuweli akainua mkono kuelekea ubao, kisha akausitisha hewani. Enelesi akaelewa mara moja: utetezi wake ungetoka kwa kinywa kile kile kilichoshtakiwa.

Tamandani akainuka, ingawa siku ile haikuwa ya yeye kuinuka. "Wajomba, nisameheni. Anti aende akapumzike jikoni. Nitamsoma mimi."

Enelesi akanyanyuka, akapita kando ya ukuta mpaka jikoni kwa wanawake. Wakampa mwiko. Chungu kilikuwa kikubwa, ukahitaji mikono miwili. Kupitia ukuta wa tofali akaisikia sauti ya Tamandani, ikisita pale kidole kinaposita, ikiendelea pale kinapoendelea.

"Leo tunabadilishana kuku. Nyinyi mna mtetea wenu, mimi nina jogoo wangu. Mnasema jogoo huyu hawiki. Awike asiwike, kutakucha. Na yule mama aliyesukuma kiti changu hajawahi kuniwekea neno mdomoni. Angekuwa ameniwekea, ningekuwa mtu mwenye adabu zaidi."

Kicheko kikapasuka uani, na cha mzee Chiotcha kilisikika juu ya vyote. Vigelegele vikafuata. Wanawake wa jikoni wakaitikia, na Enelesi akaitikia pamoja nao, nyuma kidogo.

"Wewe ni wa upande gani?" mmoja akamuuliza.

"Wa mwanamume."

"Ni nani wake?"

Enelesi akatafuta neno. "Ninafanya naye kazi," akasema.

Baada ya harusi Fanuweli alimwambia, "Dada, kazi yako iko palepale." Na kweli ilikuwepo. Asubuhi alimwogesha na kumvalisha, kiti alikisukuma. Ila mezani Tamandani alikaa mahali pake, na Enelesi akakaa pembeni akichambua mboga. Hakuna aliyemkosea. Ndiyo maana hakuwa na wa kumlalamikia.

Mbaazi zilipokomaa akaomba ruhusa kwenda Mulanje kumsaidia dada yake Esnati kuvuna. Alikuwa na hamu ya kuongea na mtu wa damu yake. Walikaa shambani, wakala pamoja, na Esnati hakunyamaza hata wakati wa kutafuna.

"Mimi dada, siku hizi nahisi—"

"Uchovu. Nani asiyeuhisi? Mimi mgongo huu acha tu."

"Fanuweli alipooa, mimi—"

"Nilisikia, mke mzuri. Watu wana bahati zao."

Enelesi alikuwa amezoea kungoja neno la mtu mpaka mwisho. Kwa Esnati maneno hayakuwa na mwisho. Kila alipofungua kinywa, nafasi ilikuwa imeshajaa. Akarudi Zomba kabla mavuno hayajakwisha, akiwa na kifurushi cha mbaazi na maneno yake yote.

Asubuhi iliyofuata, Tamandani akiwa ameenda kuchota maji, Fanuweli alimuuliza, "Mulanje kukoje?"

"Kuzuri," Enelesi akasema.

Fanuweli hakugusa ubao. Alimtazama, kichwa kikiyumbayumba, macho yametulia. Enelesi akakamua kitambaa cha kumwogeshea, akakianika. Alipogeuka akakuta bado anatazamwa. Mtu yule alikuwa amengojwa maisha yake yote, na alijua kungojwa kuna thamani gani.

"Si kuzuri sana," Enelesi akasema. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nilienda nikidhani nitaongea."

Akanyamaza. Fanuweli akangoja.

"Siku ile kwa kina Tamandani," akaanza tena, kwa taabu, "yule mzee aliponisema, nilikuwa na—"

Mlango wa ua ukafunguka, Tamandani akaingia na maji yake, akauliza kama chai iko tayari, maana wateja wa asubuhi hawangoji. Enelesi akainuka akaenda kuwasha jiko.

Fanuweli akagonga ubao kwa nguvu ili ageuke. "Kesho," kidole kilisema.

Jioni, chumbani, Enelesi alipika mbaazi za Mulanje. Alikula peke yake kama siku zote, huku akipanga kimoyomoyo aanzie wapi, kwa mumewe au kwa mzee Chiotcha.