Raya Hakuwamo

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na minne, niko kidato cha pili katika skuli moja karibu na Pujini, wasichana watatu wa darasa letu walianguka ndani ya wiki moja. Wawili walipiga mayowe, wakamwagiwa maji, wakainuka. Wa tatu, Raya, aliyehamia kwetu kutoka Chokocho siku chache tu nyuma, hakuinuka. Alichukuliwa na bibi yake, Bi Saumu, mwili unawaka moto.

Fundi wa uganga aliyeitwa na wazee alisema ni jini wa magofu ya kale ya Pujini: anawataka waliokunywa maji ya kisima chake, na waliokatiza njia ndani ya magofu. Mwalimu akatwambia tunyooshe mikono. Kisimani tulikunywa kumi na wanne. Magofuni tulipita kumi na mmoja. Darasa zima tulikuwa thelathini.

Mama alijumlisha papo hapo. "Ishirini na watano! Wabaki watano tu? Wewe skuli huendi tena." Akalifungia begi langu kabatini.

Mimi nilikuwa nimekunywa, na nimepita pia. Nilikaa jikoni, nikachukua kipande cha makaa, nikachora sakafuni maduara mawili yaliyoingiliana, la kisima na la magofu, kama tulivyofundishwa kwenye hesabu, nikaanza kuandika majina. Saba tuliangukia katikati. Mama alituhesabu mara mbili. Kumi na wanne na kumi na mmoja, utoe saba: kumi na wanane. Basi uwezekano wa mmoja wetu kutakiwa na jini ulikuwa kumi na wanane kwa thelathini. Nilipumua kidogo. Lakini mimi bado nilikuwa mle katikati, na hofu haikunitoka.

Nilipofika kwenye jina la Raya, mkono ulisita. Kwao ni mbele ya skuli, magofuni hapiti. Maji alikuja nayo ya nyumbani, kwenye chupa. Hakuwa na duara.

Nikafahamu pale pale. Kama si kisima wala si magofu, basi Raya anaumwa. Na fundi alikuwa amekataza hospitali: mwenye jini akipigwa sindano hufa.

Ilikuwa Jumanne. Nikanyamaza. Niliogopa kwamba nikimkana jini kwa mdomo wangu, ataanza na mimi.

Alhamisi wakasema Raya hawezi kugeuza shingo. Nilikimbia mpaka kwao. Chumba kilijaa moshi wa ubani, naye amefunikwa shuka gubigubi.

"Bi Saumu, Raya hakuwamo!"

"Hakuwamo wapi, mjukuu wangu?"

"Kisimani hakunywa, magofuni hakupita. Waulize darasa zima. Si jini, bibi. Mpeleke hospitali."

"Na sindano ikimuua?"

Nilimshika kanga nikalia, nikimwomba tu, nikimwomba. Alimfunua shuka mjukuu wake, akamtazama, kisha akamwita jirani alete gari.

Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba amecheleweshwa. Raya alipona. Masikio hayakusikia tena.

Sasa Raya ni mshonaji, Vitongoji. Watu hunisifu kwamba nilimwokoa kwa hesabu, nami husema alhamdulillahi na kubadilisha mazungumzo. Mwaka jana nilikwenda dukani kwake kumwambia habari ya ile Jumanne. Alisimamisha cherehani, akanikazia macho midomoni hadi nikamaliza.

"Sema tena," akaniambia. "Sikukupata."

Sikuweza.