Kigingi Kilichong'olewa na Maksai

Jumanne, tarehe 14 Septemba 1993, saa moja asubuhi. Nchagwa Machuki anageuza maksai wake wanne mwisho wa shamba lake. Plau inanasa, mnyororo unakaza, na kigingi chenye rangi nyekundu kinaruka kutoka ardhini kama jino bovu.

Siku hiyo Mkuria huyu wa miaka hamsini na mbili, anayelimia watu kwa plau upande wa Migori, hakushtuka. Hofu ilikuja baadaye, na mpaka leo haijaondoka.

Huku kwao, kigingi cha mpaka kikiangushwa na plau, mtu hakirudishi peke yake. Humwita jirani, wakakishika wote wawili na kukigongelea kwenye mstari wa katani unaogawa mashamba yao. Nchagwa akamwita Willis, Mjaluo anayepakana naye.

"Omera, ndugu yangu, hizi ng'ombe zako zinataka kuniibia shamba," Willis alimtania. Wakagonga, wakacheka, Nchagwa akaendelea kulima.

Kumbe kigingi kilikuwa cha wapimaji wa serikali. Walipita bila kumwambia mtu neno, wakitenganisha Migori na wilaya mpya ya Wakuria. Kutoka shimo lake la kwanza, ndani ya shamba la Nchagwa, hadi kwenye katani ni kama hatua kumi na sita. Hakuna aliye na hakika, kwa maana shimo lenyewe Nchagwa alishalilima.

Ndani ya hatua hizo kuna kaburi la mkewe, Monicah, binti wa Kijaluo kutoka Rodi Kopany, aliyefariki miaka miwili iliyopita katika zahanati isiyo na dawa.

"Dawa walikosa. Rangi ya kupaka vigingi wakapata," asema Nchagwa kwa uchungu.

Naibu wa chifu alifika siku ya tatu, akasema Wakuria wamehamisha kigingi ili waibe ardhi ya Migori. Sokoni wengine wakadai Willis amehongwa. Tangu hapo wawili hao husalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama nani anawaona. Nchagwa, aliyekuwa akilima ekari nne kwa wiki, sasa akipata moja ni bahati. Mbwa akibweka mchana, huacha plau akasimama kusikiliza.

Kinachomtisha ni maneno ya watu kwamba kila kabila litarudi kwake. Shemeji zake wametuma ujumbe: akifukuzwa, asimwache dada yao katika nchi ya wenyewe.

"Wilaya ilipotangazwa nilienda Kegonga, nikacheza mpaka kiatu ikakatika," akumbuka. "Nilidhani tumepewa yetu. Wakubwa wamepewa ofisi. Mimi nimepewa kigingi."

Hata hivyo ana mpango. Kabla mvua haijakatika atapanda katani kulizunguka kaburi, na amemtumia Willis salamu aje washike mche wa kwanza pamoja.

Naibu wa chifu naye aliulizwa swali moja tu, akafunga daftari lake na kupanda baiskeli. Nchagwa hulirudia kwa kila mgeni mwenye kalamu:

"Mama ya watoto wangu amelala wilaya gani?"