Seli isiyo na jirani

Leo bibi mmoja wa Kamachumu amemwuliza mjukuu wake swali, nami nikafunga daftari.

Nilikwenda kumhoji Dkt. Koku. Alimaliza uzamivu Ulaya na amebaki huko akitafiti seli shina, zile ambazo mwili wa mtoto tumboni huanzia. Yuko likizo. Keshokutwa anarudi.

Bibi yake alikuwa kando yetu akimenya ndizi.

"Shina?" akadakia. "Balozi wetu wa shina, wa hizi nyumba kumi, ni Rwegasira. Umekwenda Ulaya kumsomea Rwegasira?"

Tulicheka wote watatu.

Koku akaeleza upya. Kila seli ina maagizo ya mwili mzima. Majirani zake ndio huiambia ifuate yapi: wewe uwe moyo, wewe uwe mfupa.

"Na isiyo na jirani?"

"Mara nyingi hufa, Bibi."

Bibi akaweka kisu chini. Wazazi wa Koku walikufa kwa kufuatana, miaka ile ya UKIMWI. Yeye alikuwa na miaka minne.

"Mbona wewe hukufa?"

"Nilikuwa na wewe, Bibi."

"Sasa huko unakorudi, jirani yako nani?"

Koku alitazama maganda ya ndizi. Nilikuwa nimebakiza maswali matatu. Sikuyauliza.

Nimesharudi nyumbani kwangu, Kitendaguro. Jirani yangu anafagia ng'ambo ya ua. Huu mwaka wa saba tunapungiana mikono.

Andikeni hapa chini majina ya majirani zenu.

Naanza mimi: wa kwangu simjui jina.