Kabati Aliniacha Peke Yangu Kwenye Upepo

Nilishika nafasi ya pili katika mbio za baiskeli, kisha nikamtukana mwenzangu mbele ya watu arobaini pamoja na mgeni rasmi.

Watu walicheka. Aliyetukanwa aliomba maji.

Naomba nisome mashtaka kwa utulivu.

Mbio zilikuwa za siku tatu, na shule yetu ya bweni ilipeleka timu. Mimi ni mfupi na mwepesi, naitwa Kiroboto. Kazi yangu ni kushinda. Rafiki yangu anaitwa Kabati, na ukimwona mabega huulizi kwa nini. Kazi yake ni kukaa mbele yangu na kunikingia upepo mpaka kilomita za mwisho.

Basi. Mtu ameumbwa ukuta, anaombwa awe ukuta.

Siku mbili za kwanza zilinipa jezi ya njano, ya anayeongoza mbio zote. Nilikuwa sekunde thelathini mbele ya kijana mmoja wa jezi ya kijani.

Ila siku ya pili niliingia shimoni, rimu yangu ya nyuma ikapinda. Gurudumu la akiba tulikuwa tumeshalitumia. Jioni nikakaza spoku, nikalegeza spoku, nikazilaani spoku.

Asubuhi naipokea baiskeli kutoka kwenye gari, gurudumu linazunguka limenyooka kabisa!

"Mwalimu, mimi ni fundi," nikamwambia mwalimu wa michezo.

"Wewe ni mdomo. Panda twende."

Kilomita ya kumi na tano, Kabati akaanza kurudi nyuma.

"Wewe! Njoo mbele!"

"Nenda, Kiroboto. Nenda tu."

"Niende wapi na upepo huu?"

Akazidi kubaki nyuma. Kilomita sitini nilipigwa upepo peke yangu. Wenzetu wengine wawili walishaishiwa pumzi, na yule wa kijani alikuwa na watu watatu wanapokezana mbele yake.

Nikapoteza jezi kwa sekunde nne.

Sekunde nne! Hata chafya mbili hazitoshi humo.

Kabati akafika dakika ishirini baadaye.

"Ulilala njiani?" nikamfokea. "Mzembe mkubwa! Kabati tupu, hata hanga halina!"

Umati ukaangua kicheko. Yeye akafuta jasho.

"Samahani, kaka. Kuna maji?"

Hasira ikazidi kupanda. Nikanyata nyuma ya gari, zilipoegeshwa baiskeli, nimtoe upepo matairi yote mawili ili jioni ahangaike na pampu. Hukumu ya haki kabisa, kwa maoni yangu.

Nikainua baiskeli yake, nikazungusha gurudumu la nyuma nitafute valvu.

Likayumba kama mlevi.

Rimu ilikuwa na alama ya shimo langu la jana. Spoku zilikuwa na mikwaruzo ya koleo langu. Na breki ya nyuma alikuwa ameifungua kabisa, isisugue.

Nikaukumbuka ule mteremko wa kilomita sita. Kabati aliushuka na breki ya mbele tu.

"Toa upepo, nimeshakuona," akasema nyuma yangu. Soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imelika kwa kuburuzwa barabarani kama breki, mpaka soksi inachungulia.

"Umebadilisha lini?"

"Asubuhi, nikipakia gari. Lako lilikuwa halinyooki, Kiroboto. Ulizidi kuliharibu."

"Kwa nini hukuniambia?" Bado nilikuwa nafoka, sijui namfokea nani.

"Ungekataa?"

Nisingekataa, na sote wawili tulijua.

"Nisamehe," nikanong'ona.

"Yameisha."

Hayajaisha. Nilimtukana mbele ya watu arobaini, nikamwomba radhi nyuma ya gari tukiwa wawili. Wale arobaini walirudi makwao wakijua Kabati ni mzembe, na mpaka leo kuna wanaomtania hivyo.

Ndiyo maana nimeandika hapa, mnaposoma wengi. Kabati hakuzembea. Mzembe ni mimi.

Funzo langu ni dogo: ulipomwaibishia mtu, hapohapo ndipo pa kumwombea radhi. Ukienda kujificha nyuma ya gari, umeomba nusu.