Proklamasyo ya Mutu Mumoja

Wanafunga shule yetu ya sekondari, ile ya serikali, ya matofali mekundu. Wabeleji walijenga juu ya kilima. Sasa kilima inateleza, ukuta inapasuka, na wakubwa wamesema watoto waende kwingine. Eti ni mvua! Miaka hii yote, nani alichimba hata mufereji mumoja? Inaniuma sana.

Siku ya mwisho nilipanda kule na mama ya rafiki yangu, yule tulikaa naye deski moja. Alitoka Nyangezi asubuhi, amevaa kitenge yake ya Misa. Mwaka yetu ya tano tulimaliza mitihani, kisha vita ikaingia mujini mbele ya proklamasyo, ile siku prefe, mukubwa wa shule, anasoma majina na points mbele ya wazazi wote. Tulikimbia. Rafiki yangu alifia njiani, upande wa Kalehe. Sisi tuliobaki tulichukua biletini zetu, zile karatasi za points, kimya kimya kwa dirisha ya sekreteri. Maman hakukuja kuchukua ya mutoto wake, maana hajui kusoma. Alitaka kusikia tu jina ya mutoto ikiitwa. Na kesho ya siku ile tulipanda, kitabu ya points ilikuwa inapelekwa, hatujui wapi.

Prefe wa sasa, kijana wa haraka, akasema:

"Maman, proklamasyo ya mutu mumoja haiko."

"Leo itakuwako," nilimujibu, na sauti ilinitoka vibaya. "Uchungu wa mwana aujuaye ni muzazi."

Akafungua kitabu. Mimi nilitangulia kuona: makumi ine na munane kwa mia. Ameanguka. Nikamukonyeza prefe apandishe points. Nani angejua?

Prefe akaniangalia, akamuangalia maman. Akasimama wima, akafunga kifungo ya koti. Akaita majina yote matatu ya rafiki yangu kwa sauti kubwa, kisha: "Makumi ine na munane kwa mia. Atarudilia darasa."

Niliogopa kuinua macho. Miaka yote nilimuona maman akimulilia mutoto wake. Siku ile alimukasirikia.

"Ee Mungu wangu! Si nilimuambia asome? Kila siku mupira, mupira!" Akanigeukia. "Na wewe uliyekaa naye, ulikuwa unafanya nini?"

"Unisamehe, maman."

Akafuta machozi na kitenge, akamuuliza prefe:

"Sasa atarudilia wapi, na munafunga?"