Radhi ya Safari

Mtu akishaagwa Kariakoo, anatakiwa aondoke. Asipoondoka hajui pa kujiweka. Watu wamemkumbatia, wamemlilia, wamemwagizia vitu vya huko aendako, kisha asubuhi ya pili anaonekana kwa muuza maandazi, kasimama na kibakuli chake. Anfal binti Salem aliagwa mara tatu ndani ya miezi saba, na aibu hiyo ya maandazi angeivumilia. Lililomfunga ndani lilikuwa jingine, na walilijua watu wawili tu: yeye, na mwanamke aliyekaa chini ya ngazi.

Kwao ni ghorofa ya nne, Mtaa wa Narung'ombe, jengo la zamani lenye ngazi moja. Baba yake, Mzee Salem, ana duka la vitambaa hapo jirani, na mama yake, Bi Hind, hashuki ila kwa harusi na misiba. Anfal ana miaka ishirini na saba. Alikuwa akifundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi upande wa Ilala, na kazi aliiweza. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakigombania kumbebea madaftari. Mwaka jana, kupitia wakala mmoja mwenye ofisi Msimbazi, akapata nafasi ya kufundisha Kiingereza chekechea ya huko Vietnam. Akaacha kazi. Darasa lake akapewa Mwalimu Scholastika, na kwa taarifa zilizomfikia, wiki ya pili tu watoto walikuwa wameshamzoea mwalimu mpya. Iliuma, lakini aliimeza. Alikuwa anaondoka.

Bi Hind akakaanga visheti ndoo nzima, akatia achari ya embe kwenye machupa na kuyafunga kwa plastiki tabaka tatu. Siku moja kabla ya safari, Anfal akazunguka kutaka radhi. Ndiyo desturi: msafiri anagonga mlango kwa mlango, "Kama nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, niwie radhi." Husemwa haraka haraka na hujibiwa haraka haraka, na hakuna anayetaja kosa lenyewe. Anfal alilitaja.

Alilitaja kwa Badria. Hao wawili walikua pamoja kwenye ngazi zile, Badria ghorofa ya pili, Anfal ya nne. Madrasa moja, mitandio ya kuazimana, sahani moja ya futari. Anfal alipokuwa na miaka kumi na tisa, alipanda ngazi mama mmoja wa makamo, shangazi yake kijana aliyeitwa Muaz, mwenye watu wake Tanga. Alikuja kuulizia. Wanaotaka kuposa hupita kwanza kwa majirani, taratibu, kuuliza tabia za binti. Akamkuta Anfal peke yake mlangoni.

"Huyu Badria wa hapo chini, mwanangu, ni mtu wa namna gani?"

Anfal alijua kwamba Muaz akimwoa Badria atamchukua Tanga, na yeye atabaki peke yake na ngazi zake. Akasema, "Mimi sisemi kitu, mama. Waulize wengine."

Hakutukana wala hakusingizia. Lakini mtu mzima aliyekuja kuulizia, akajibiwa hivyo na shoga wa kufa na kuzikana wa huyo binti, hahitaji kuongezewa. Yule mama alishuka na hakurudi. Majirani wakanong'ona kwamba kuna kitu, bila kujua kitu gani, na Badria hakuuliziwa tena. Baada ya miaka miwili mitatu akanunua cherehani, akaiweka mlangoni pa jengo, chini ya ngazi, akawa anashona madera na kupunguza suruali za mtumba za Mchikichini zinazowapwaya watu. Anfal alikuwa akimletea chai hapo. Miaka mitano na zaidi alimletea chai.

Siku ile ya radhi alimpitia Badria mwisho. Maneno ya kawaida aliyasema, Badria akajibu kama kawaida, na hapo pangetosha. Lakini Anfal alijiona kama ameshapanda ndege, na mtu aliyeshapanda ndege huwa jasiri sana. Akasimulia yote, mbio mbio, kwa pumzi moja.

Badria alisimamisha mguu kwenye kanyagio. 

"Nimekuwia radhi," akasema. "Nenda salama."

Anfal alipanda ngazi akiwa mwepesi, akalala usingizi wa mtoto. Kesho yake saa nne asubuhi begi lilikuwa mlangoni, na mama yake alikuwa ameshauinua msahafu juu, yeye akapita chini yake mara tatu. Hapo simu ikalia. Alikuwa Ridhiwani, yule wakala.

"Dada Anfal, usiwe na presha. Shule imesogeza tarehe kidogo. Mambo yako freshi kabisa, ni tarehe tu."

Nimtendee haki Ridhiwani: hakuwa tapeli. Afadhali angekuwa tapeli, watu wangemjua, wakalia siku moja, yakaisha. Alikuwa mtu mwaminifu anayepokea ujumbe uliobadilika na kuupeleka mbele ukiwa bado wa moto.

Siku tatu Anfal hakutoka. Siku ya nne alilazimika kushuka kumpelekea baba yake dawa dukani. Alipofika kwenye ngazi ya mwisho, cherehani ikanyamaza.

"Hujaondoka?" Badria akauliza.

"Safari imesogezwa. Tunamwachia Mungu."

"Basi radhi yangu nirudishie."

"Badria, jamani..."

"Nilimsamehe mtu anayeondoka. Nilijiambia, kaza roho mpaka kesho, kesho simwoni tena. Sasa upo. Utakuwa unapita hapa asubuhi na jioni, mimi nikutazame kwa jicho gani?" Sauti hakuipandisha, watu walikuwa wakipita na mabunda yao kichwani. "Na usidhani nilimlilia mwanamume. Awe huyo awe mwingine, poa tu. Nililia kwa kujiuliza. Miaka minane, Anfal. Nina nini mimi? Nilikuwa najinusa nguo. Namuuliza Mungu, nina kasoro gani ambayo watu wanaiona na mimi siioni? Kumbe jibu liko ghorofa ya nne, na kila siku linaniletea chai."

Anfal alipita na dawa za baba yake. Hakumbuki alifikaje dukani.

Tangu siku hiyo ghorofa ya nne ikawa jela. Ngazi ni moja, mlango ni mmoja, na mlangoni kuna Badria, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka magharibi. Mama yake akimtuma, kichwa kinamuuma. Shoga wakimwalika, ana homa. Aliijua Kariakoo kwa dirishani tu: makuli wanaosukuma mikokoteni, wamachinga wanaopanga viatu barabarani na kuvipangua mgambo wakitokea, vipaza sauti vinavyotangaza bei moja kutwa nzima. Watu elfu wanapita pale chini kwenda watakako, na yeye mtu mzima mwenye pasipoti hawezi kufika kwa muuza nazi. Alijichukia, na baadhi ya siku alimchukia Badria, kisha akajichukia zaidi kwa hilo.

Nafasi yake ya kutoka ilikuwa moja. Ikiadhiniwa adhuhuri, Badria hufunika cherehani na kupanda kwao kuswali. Anfal alisikiliza mlango wa ghorofa ya pili ukifungwa, ndipo anashuka mbio, viatu mkononi. Alikuwa na dakika ishirini za kununua alichotumwa na kurudi akihema, na mchana wa Kariakoo si mahali pa kukimbia. Sala yake mwenyewe aliiswali baadaye, na dua yake ilikuwa ile ile, fupi: "Ya Rabbi, nitoe hapa."

Safari ya pili ilipangwa baada ya Idi, na haikuwa Vietnam tena bali Kambodia. Visheti vikakaangwa upya, vile vya kwanza vilishaliwa. Akaagwa, akapitishwa chini ya msahafu, kisha wakataka vyeti vipigwe muhuri tena. Safari ya tatu ikarudi Vietnam, mji mwingine, na juma la kuondoka wakasema wanataka kwanza mwalimu aliyewahi kufundisha kwa video. Kila mara Bi Hind alisema, "Mungu hakosei, mwanangu. Mwachie," na kila mara Anfal alijibu, "Nimemwachia, mama," huku kidole gumba kinapekua simu. Alimwachia Mungu kila kitu isipokuwa simu.

Ujumbe wa nne ulikuja Ijumaa asubuhi. Viza imetoka. Ndege Jumatano. Ridhiwani alituma picha ya tiketi na vidole gumba vitano. Anfal aliitazama tiketi ile mpaka macho yakamuuma. Angeondoka kweli sasa, angepita chini ya ngazi zile mara moja ya mwisho, basi, kwisha. Hakumwambia hata mama yake mpaka jioni.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, hakusikia mlango wa ghorofa ya pili. Akadhani kelele za barabarani zimeufunika. Cherehani ilikuwa kimya, akashuka viatu mkononi, mbio kama kawaida, akakata kona ya mwisho na kumkuta Badria ameketi pale pale, anakula ndizi.

"Leo siswali," Badria akasema. Kisha akaviangalia vile viatu mkononi, akaelewa miezi saba yote kwa mara moja. "Kumbe! Nilikuwa nasema mbona simwoni. Unanipigia hesabu ya adhana?"

Mwanamke mwenzake, na hakuwahi kufikiri kwamba ziko siku ambazo Badria haswali! Anfal angecheka kama asingetaka kulia. Angeweza kupita. Siku tano tu zilibaki. Lakini alisimama pale peku, na likamtoka bila kupangwa.

"Badria, niwie radhi."

Badria aliweka ganda la ndizi pembeni. "Una safari?"

Akisema hana, atakuwa amemdanganya mara ya pili. Akisema anayo, anaomba ile ile radhi ya msafiri aliyoambiwa airudishe. Tiketi ilikuwa mfukoni, kwenye simu.

"Ninayo. Jumatano. Nimepata ujumbe asubuhi."

"Ahsante kwa kusema kweli," Badria akasema, na aliyasema bila kejeli. "Basi Jumatano ipite kwanza. Ukiwa umeondoka, kila mtu atakaa na lake, tutaonana kwa Mungu. Ukiwa upo, njoo uombe."

Siku zile tano Anfal aliinua mikono baada ya kila sala na maneno hakuyapata. Akiomba ndege iondoke, anaomba kwenda zake na haki ya mtu shingoni, akawaimbie watoto wa watu kana kwamba ni mtu safi. Akiomba ibaki, anaomba kuzikwa ghorofa ya nne na visheti vyake. Miezi saba alijua vizuri sana anachomtaka Mungu amfanyie, hata tarehe alimpa. Sasa alikaa juu ya mswala, hajui lolote, mikono imemchoka, akasema tu, "Wewe unajua." Akaishusha. Usiku wa Jumatatu alilala na simu ikiwa imezimwa, na hakukumbuka kuiwasha mpaka mama yake alipomuuliza.

Jumanne baada ya alasiri Ridhiwani alipiga. Sauti yake safari hii haikuwa na freshi yoyote. Shule imefunga mlango, walimu wametosha. Hakuna tarehe mpya. "Dada, mimi mwenyewe nimechoka kukupigia," akasema, na ikasikika kuwa ni kweli.

Bi Hind alikuwa jikoni, mwiko mkononi, visheti vinaelea kwenye mafuta. "Alhamdulillah," akasema, na sauti ikamkatika katikati ya neno. Anfal hakuwahi kuisikia ikikatika. Mama na mwana wakalia pamoja pale jikoni, mmoja ameshika mwiko, visheti vikaungua. Anfal alilia kwa hasira, nisifiche. Alimkasirikia Ridhiwani na shule ile, na alimkasirikia Mungu pia, akamwambia hivyo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

Jumatano yote alikaa ndani. Alifungua begi, akapanga nguo kabatini, na kadi zake za kufundishia, zenye picha za tufaha na samaki na mwavuli, akaziweka juu ya meza.

Alhamisi asubuhi, saa tatu, alivaa viatu akiwa bado mlangoni kwao. Alishuka taratibu, mkono kwenye ukuta, akisikia cherehani ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama. Badria hakuinua kichwa mpaka alipomaliza mshono na kukata uzi kwa meno.

"Jumatano imepita," akasema.

"Imepita."

"Hukwenda."

"Sikwenda. Wala hakuna nyingine."

Badria alimtazama usoni, kwanza kwa kumkagua, kisha kwa namna nyingine, kama alivyokuwa akimtazama zamani mmoja wao akichapwa madrasa. Akakisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikagota kwenye ngazi ya mwisho.

"Haya, kaa. Omba sasa," akasema. "Na usiseme mbio mbio kama siku ile. Leo huna ndege."

Anfal akaketi, akaanza tangu yule mama alipogonga mlango.